Unahamia nyumba mpya Uingereza na kadirio la kasi ya intaneti limeshuka? Fuata waya

Nafanya kazi ya kufunga laini za intaneti majumbani hapa Uingereza na kutafuta hitilafu zake. Watu wetu wakihama, simu yangu haipoi, na swali ni lile lile: "Kaka, nilikotoka nilikuwa napata megabiti 67 kwa sekunde. Nahamia mtaa wa pili tu, kampuni ile ile inaniambia 24. Si wananiibia hawa?" Mara nyingi hawakuibii. Kadirio lile si la mtaa wala la kampuni, ni la waya mmoja tu, ule unaoingia kwenye ukuta wa nyumba yako. Kabla ya kusaini mkataba, fanya haya.

Hatua ya 1: Jua faiba yako inaishia wapi

Kuna faiba inayoingia mpaka ndani ya nyumba. Na kuna ile inayoishia kwenye kabati la kijani kando ya barabara, halafu kutoka pale mpaka kwako ni waya wa shaba wa simu. Zote mbili zimeuzwa kwa jina la faiba miaka na miaka, na hilo limewachanganya wengi sana.

Hiyo ya kabati, kwenye mtandao wa Openreach (kampuni inayomiliki nyaya nyingi za simu hapa Uingereza), haivuki megabiti 80 za kupakua na 20 za kupakia, na kila mita ya shaba inapunguza kasi. Ukiwa mita 200 kutoka kabatini unakaribia kilele. Ukiwa kilomita moja, 25 ni kawaida kabisa, hakuna kilichoharibika.

Umbali wenyewe ni wa waya, si wa macho. Niliitwa nyumba moja ambayo kabati limesimama karibu na geti, lakini kadirio lilikuwa 30. Kumbe nyumba ile imeungwa kwenye kabati jingine, nyuma ya shule, na waya umezunguka mtaa mzima kabla ya kufika. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anapata zaidi ya mara mbili. Zipo pia laini zinazotoka moja kwa moja kwenye jengo la mitambo ya simu bila kupita kabatini, na nyingine ni za alumini badala ya shaba. Hizo huwa na kasi ndogo, na ruta mpya haitazisaidia.

Hatua ya 2: Hakiki anwani, herufi kwa herufi

Usiishie kwenye postikodi, maana hiyo hubeba nyumba nyingi. Dada mmoja alihamia juu ya duka, akaletewa kadirio la megabiti 6. Dalali alikuwa amemwandikia "ghorofa ya kwanza", ilhali kwenye mfumo nyumba inajulikana kama 2A. Tulipochagua 2A, faiba kamili, ile inayoingia mpaka ndani, ilikuwepo. Kama jengo ni jipya, anwani inaweza kuwa haijaingizwa bado. Muulize mjenzi ni mtandao gani ulioletwa pale.

Hatua ya 3: Soma safu zote mbili

Fungua ukurasa wa kuangalia laini wa BT Wholesale, tawi la kampuni ya simu ya BT linalouzia kampuni nyingine laini, weka anwani kamili. Utaonyeshwa namba ya kabati lako, na kwa huduma ya kabati utaona safu A na safu B. A ni laini safi. B ni laini yenye kasoro, mara nyingi waya wa ndani ya nyumba uliounganishwa vibaya. Kampuni ikikutajia namba ya chini kabisa ya B, usidhani ndiyo hatima yako. Pengo likiwa kubwa kati ya A na B, kuna kasi ambayo fundi anaweza kuirudisha.

Hatua ya 4: Tazama mitandao mingine

Virgin Media wana nyaya zao wenyewe, na zipo kampuni ndogo za faiba ambazo ukurasa ule hauzionyeshi. Tumia pia ukurasa wa Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza.

Hatua ya 5: Dai kasi ya chini iliyohakikishwa

Hii usiiache kabisa. Tangu Machi 2019, kampuni zilizosaini kanuni za Ofcom lazima zikutajie namba hiyo kabla hujanunua. Kasi ikishuka chini yake, wana siku 30 za kurekebisha. Wakishindwa, unaondoka bila faini. Waombe waiandike, kisha itunze barua pepe hiyo.

Hatua ya 6: Ukishahamia, pima kwenye soketi kuu

Chukua bisibisi. Soketi kuu ni ile ya simu ambako waya wa nje unaingilia, na nyingi zina skrubu mbili upande wa chini. Zifungue, vuta kifuniko taratibu, utaona tundu jingine ndani. Chomeka ruta hapo na kichujio chake (kile kifaa kidogo kinachotenganisha simu na intaneti), unganisha kompyuta kwa kebo, si kwa Wi-Fi, kisha pima. Kasi ikipanda, tatizo ni nyaya za ndani za soketi za ziada. Ikibaki vile vile, ripoti kwa kampuni, waambie umepima kwenye tundu la ndani. Siku 10 za kwanza usizimezime ruta: mfumo unaosimamia laini huhesabu kila kukatika, ukadhani laini haijatulia na kuishusha kasi.

Na kama pale unapohamia hakuna huduma yoyote, hata ya 4G, inayofikisha megabiti 10 za kupakua na 1 ya kupakia, tangu Machi 2020 sheria inakupa haki ya kuiomba. Maombi yanapelekwa BT, isipokuwa mji wa Hull, ambako yanapelekwa KCOM, kampuni ya simu ya huko.