Chokaa ya ukutani: iloweke, na ukuta uulowanishe

Ukitaka kupaka chokaa, usikoroge na kupaka papo hapo. Iloweke kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ichuje kwa kitambaa. Kisha, na hapa ndipo wengi tunakosea, mwagia ukuta maji kwanza. Ukuta mkavu hunyonya maji yote, kesho ukiupangusa unga unabaki kiganjani. Paka nyepesi kama maziwa. Mwanzoni utadhani hujapaka kitu, ikikauka inakuwa nyeupe pee. Mikono mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito. Anza jioni, jua la Dar likishapoa. Linda macho, tafadhali sana, chokaa inaunguza.

Bustanini chokaa inapunguza tindikali ya udongo, ila usiichanganye na samadi mbichi: ile harufu kali inayotoka ni gesi ya amonia, yaani naitrojeni yako, chakula cha mimea, inapotea hewani.