Karai moja, jioni nne: vyakula vya Asia kwa majiko ya Mbeya na Iringa

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Iringa ni karibu 95, Njombe 93 na kitu. Ndiyo maana maharage huku yanakula mkaa kuliko Dar es Salaam, na wali wa mgeni kutoka pwani humtoka na kiini. Mafuta hayana habari na mwinuko. Karai likishika moto, mafuta yanafika nyuzi 200 pale Uyole sawasawa na Kariakoo.

Kwa hiyo mapishi ya kukaanga kwa moto mkali yanatufaa sana sisi wa huku juu. Kanuni ni moja: cha kuchemsha kipe muda, cha kukaanga kipe moto.

Vitu vingi viko Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa: tangawizi, vitunguu saumu, hoho, karoti, chainizi, karanga, giligilani, usipa wakavu (dagaa wa Ziwa Nyasa) kutoka Kyela. Dukani utafuata sosi ya soya, siki na wanga wa mahindi, ule unga mweupe unaoteleza vidoleni. Sembe haifai badala yake, itakuachia mchuzi wa uji wenye chengachenga. Sosi ya soya soma lebo kabla ya kulipa. Ikiwa imeandikwa soya, ngano, maji na chumvi, umepata. Ikiwa ni maji, chumvi na rangi ya sukari iliyounguzwa, hiyo itatia weusi bila ladha. Chumvi hutofautiana sana kati ya chupa na chupa, kwa hiyo onja tone kwanza, na chumvi ya kawaida iache mwisho kabisa.

Karai, moto na mafuta

Tumia karai la chuma zito. Sufuria nyembamba ya alumini hupoa mara tu nyama inapoingia. Nyama inatoa maji, maji yanachemka, na hapo hukaangi tena, unatokosa. Kwenye jiko la mkaa, subiri mkaa ukolee wote uwe mwekundu, kisha pepea kabla ya kutia kitu. Jiko la gesi la mtungi mdogo lina moto wa kutosha kwa chakula cha watu wawili. Mkiwa wanne, kaanga kwa mikupuo miwili. Watu wengi hawapendi kusikia hili, lakini karai lililojazwa ndilo linaloharibu mapishi haya kuliko kosa lingine lolote.

Alizeti ya kukamua mtaani ni tamu kwenye mboga za kawaida, ila kwa moto huu inatoa povu na kuanza kutoa moshi mapema, chakula kinabaki na uchungu. Kwa karai la moto tumia mafuta yaliyosafishwa. Dondosha tone la maji kwenye karai tupu: likipotea papo hapo, tia mafuta, mafuta yakianza kumetameta na kutoa moshi mwembamba, tia chakula.

Wali wa kukaanga, kwa mtindo wa Indonesia

Wenyewe wanauita nasi goreng, yaani wali wa kukaanga tu. Tabu yake kwetu ni mchele wenyewe. Mchele wa Kyela unanukia vizuri, lakini punje zake ni laini na hupenda kushikana. Ukiupika kwa maji ya kawaida ya nyumbani kisha ukaukaanga, unapata bokoboko lenye rangi ya kahawia.

Kwa watu wanne osha vikombe viwili vya mchele (kikombe cha mililita 250) mara tatu au nne, hadi maji yasiwe meupe sana. Tia vikombe viwili na nusu vya maji na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Mchele ukiwa mpya wa msimu, punguza robo kikombe. Ukishachemka na maji kukauka juu, funika, punguza moto, palia mkaa kidogo juu ya mfuniko, uache dakika 20. Usionje kila mara; ukifunua, mvuke unaotoka ndio uliokuwa unaivisha kiini.

Ukiiva, usiuache kwenye sufuria. Umwage kwenye sinia pana, utawanye kwa uma uwe mwembamba, uache saa moja hivi mahali penye hewa, umefunikwa kwa kitambaa chepesi. Chukua punje chache na kuzibonyeza: zikiachana bila kunata kidoleni, wali uko tayari. Wali wa jana unasifiwa kwa sababu umekauka juu, si kwa sababu ni wa jana. Kama una friji, uingize mara unapopoa na kuutumia kesho yake. Kama huna, pika na kukaanga siku hiyohiyo. Baridi ya Juni isikudanganye: kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa, huzaliana kwenye wali uliolala nje, na sumu yao haiondoki hata ukikaanga vipi.

Sosi tamu tengeneza mwenyewe: vijiko vinne vya chakula vya sosi ya soya na vitatu vya sukari guru iliyokwanguliwa, moto mdogo dakika tatu, hadi ianze kuvutika kama asali nyepesi. Inaongezeka uzito ikipoa, kwa hiyo usiikaze motoni.

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha jiko, maana ukishaanza hakuna muda wa kumenya: kitunguu maji kimoja, punje nne za saumu na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba vikiwa vimepondwa, karoti moja na hoho moja vilivyokatwa vidogo kama punje za mahindi, pilipili kadiri yako, mayai manne, na majani ya vitunguu.

Nusu ya kila kitu kwa mkupuo. Vijiko viwili vya mafuta, kitunguu sekunde 30, kisha saumu, tangawizi na pilipili sekunde 15 tu. Saumu ikigeuka kahawia iliyokolea, mwaga uanze upya. Uchungu wake haufichiki. Tia karoti dakika moja, hoho nusu dakika, halafu wali. Uache utulie sekunde 20 uguse chuma, geuza, uutulize tena. Kukoroga mfululizo kunavunja punje na kunapoza karai. Wali ukianza kurukaruka, zungushia kijiko kimoja na nusu cha sosi tamu kwenye ukingo wa karai, si katikati: ikigusa chuma cha moto inaungua kidogo, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia mahotelini. Maliza na majani ya vitunguu. Mayai kaanga pembeni, kila sahani na lake juu, kiini kikiwa bado kinatiririka kwa anayependa.

Wali ukitoka na unyevu, karai lilikuwa limejaa au wali haukupoa. Ukitoka mweusi na mchungu, sukari iliingia mapema.

Nyama na hoho kwa tangawizi

Ng'ombe wetu ametembea, na nyama yake inajua hivyo. Wachina wana dawa: nusu kilo ya steki, nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea (siyo hamira, wala magadi), vijiko vitatu vya chakula vya maji. Changanya, acha dakika 15 hadi 20, suuza vizuri, kamua, kausha kwa kitambaa safi. Soda inafanya uso wa nyama uwe wa alkali kidogo, na protini hazijikazi sana zikikutana na moto. Ukizidisha au usiposuuza, nyama inakuwa na ladha ya sabuni. Papai bichi nalo linalainisha, ila likipita nusu saa juu ya vipande vyembamba namna hii, nyama inavurugika na kuwa uji.

Kabla ya hapo kata. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzipitia, vipande vya milimita tatu. Nyama iliyoganda nusu kwenye friza inakatika kwa unyoofu zaidi.

Baada ya kukausha, paka kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya, kijiko kimoja cha chai cha wanga na kijiko cha mafuta. Kwenye bakuli lingine changanya mchuzi: vijiko viwili vya sosi ya soya, kimoja cha siki, viwili vya chai vya sukari, kimoja cha chai cha wanga, na vijiko sita vya chakula vya maji baridi. Wanga ukiuweka kwenye maji ya moto unashika mabonge.

Kaanga nyama robo kilo kwa mara moja. Itandaze, usiiguse dakika nzima, igeuze, nusu dakika nyingine, itoe ingali na wekundu kidogo. Fanya hivyo na robo iliyobaki. Kisha mafuta kidogo, tangawizi nyingi iliyokatwa kama njiti, saumu, kitunguu, hoho mbili za vipande vikubwa, dakika mbili. Rudisha nyama, koroga tena bakuli la mchuzi kwa sababu wanga hutuama chini, mimina. Utaona weupe wa mchuzi unageuka kung'aa ndani ya nusu dakika. Ondoa hapohapo.

Chainizi ya pembeni haichukui hata dakika tatu: tenga mashina na majani, kung'uta maji yote, saumu kwenye mafuta ya moto, mashina dakika moja, majani nusu dakika, chumvi mwishoni. Chumvi ikitangulia, mboga inaogelea.

Choroko za kuungwa kwa samli

Hiki ni cha India, na hapa ndipo mwinuko unapodai haki yake. Kikombe kimoja cha choroko loweka saa nne, mwaga maji, tia vikombe vinne vipya, nusu kijiko cha chai cha manjano na tangawizi. Kwa sufuria ya kawaida tarajia saa moja na zaidi. Kwa sufuria ya presha, dakika 20 tangu ianze kupiga mluzi. Nyanya, ukwaju na ndimu vikae mbali hadi choroko zipondeke kirahisi kwa kijiko. Asidi inakaza ganda, na choroko zilizotiwa nyanya mapema zinaweza kukaa motoni hadi watoto walale. Chumvi haina neno.

Zikilainika, ponda nusu yake, tia nyanya mbili, chemsha dakika kumi. Mwisho pasha vijiko viwili vya samli kwenye kikaango kidogo, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba. Ikipasuka na kunukia, saumu nne zilizokatwa vipande vyembamba na pilipili kavu mbili. Saumu ikishika rangi ya dhahabu, mwagia juu ya choroko, ingurume, funika mara moja harufu isitoroke. Chapati au wali, vyote vinakaa nacho.

Wali wa nazi na usipa, kwa jicho la Malaysia

Nasi lemak ni wali wa nazi, sambal (rojo la pilipili la kukaangwa), dagaa wadogo wa kukaanga, karanga, tango na yai la kuchemsha. Mtu wa Matema akiletewa sahani hiyo hataomba maelezo. Usipa wa Ziwa Nyasa wanachukua nafasi ya dagaa wao bila shida. Wamalaysia hutia jani la pandan kwenye wali; kiini cha harufu ya jani hilo ndicho hichohicho kinachonukia kwenye michele ya harufu, kwa hiyo mchele mzuri wa Kyela haukuachi ukidai.

Tikisa nazi kabla ya kununua, maji yasikike. Isiyo na maji ndani mara nyingi imeoza au ina ladha ya sabuni. Kwa vikombe viwili vya mchele tia kikombe na nusu cha tui jepesi, kipande cha tangawizi, chumvi. Maji yakikaribia kukauka tia kikombe kimoja cha tui zito, koroga mara moja taratibu, funika, palia. Tui zito likiingia mwanzoni linaungua chini kabla kiini hakijaiva.

Usipa kikombe kimoja: toa vichwa, suuza haraka kuondoa mchanga, wakauke kabisa juani au kwenye kitambaa. Kaanga moto wa wastani dakika mbili au tatu hadi wasikike kama vijiti. Karanga, nusu kikombe, kaanga kwenye mafuta hayohayo.

Sambal inahitaji subira. Loweka pilipili kavu nane kwenye maji ya moto, zisage pamoja na vitunguu maji viwili vikubwa, saumu nne na usipa wachache kati ya wale uliowakaanga. Theluthi ya kikombe cha mafuta, moto mdogo, dakika 15 hadi 20, ukikoroga. Mwanzoni itanuka vitunguu vibichi na kuchoma macho. Endelea hadi rangi ikolee na mafuta yajitenge pembeni. Hapo ndipo tia vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju na kijiko kimoja na nusu cha sukari. Sambal inayouma koo badala ya ulimi haikuiva.

Inayobaki weka kwenye chupa safi na kavu, mafuta yaifunike juu, friji, wiki moja. Usipa wa kunyunyizia watunze pembeni kwenye kopo lao kavu. Wakilala ndani ya sambal, kesho ni mpira.