Somo: Kujirekodi na kusikilizwa na wenzako, njia ya kuboresha uwasilishaji darasani

Kundi la tatu limemaliza kuwasilisha. Mwalimu anauliza, "Mna maoni gani?" Mkono mmoja unanyooka nyuma: "Amejitahidi, ila aongeze sauti." Makofi ya kilo yanapigwa, kundi linalofuata linasimama. Aliyezungumza anarudi kwenye dawati lake bila kujua ni wapi alipotea, ni wapi alieleweka, wala afanye nini siku nyingine.

Somo hili limekusudiwa kuiondoa hiyo "amejitahidi". Msimamo wangu ni kwamba mwenzako hana haja ya kukuhukumu. Kazi yake ni kukuonyesha mahali. Rekodi ndiyo inayomwezesha, kwa sababu anaweza kurudisha nyuma hadi dakika ya kwanza na kusema, hapa ndipo uliponipoteza. Maneno yaliyokwisha kusemwa na kupotea hewani hayana mahali pa kuonyesha.

Nimelipanga kwa Kidato cha Tatu chenye wanafunzi 60 na simu nne. Mwenye darasa la wanafunzi 25 atapumua zaidi.

Hatua ya 1: Pointi, si insha

Mpe kila mwanafunzi mada na dakika tatu. Aandike pointi nne au tano kwenye robo karatasi. Akiandika insha nzima ataisoma, na hapo utakuwa unapima kusoma kwa sauti. Kwa Kiingereza, mzungumzaji anayeeleweka vizuri huenda kwa maneno 120 hadi 150 kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu si pana kama wanavyodhani. Kwa Kiswahili kadiria pungufu kidogo, maneno yetu ni marefu.

Kataza salamu ndefu. "Mheshimiwa mkuu wa shule, walimu wangu wapendwa, viranja na wanafunzi wenzangu, itifaki imezingatiwa" ni sehemu nzuri ya dakika imekwenda na hakuna kilichosemwa. Mazoea hayo tumewafundisha sisi wenyewe kwenye mahafali.

Hatua ya 2: Rekodi ya kwanza, sauti peke yake

Wengi hukimbilia video. Mimi nasema video isubiri. Mwanafunzi akijiona atatazama tai yake, nywele zake na mikono yake, na hoja hataisikia kabisa. Sauti tupu haimpi pa kukimbilia.

Simu iwekwe juu ya rundo la vitabu, usawa wa kifua, hatua moja hivi kutoka kwa mzungumzaji, na iwe kwenye hali ya ndege ili simu inayoingia isikate kazi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinarudisha mwangwi. Stoo ya vitabu au maktaba ni bora. Chini ya mti panafaa kama hakuna upepo. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisheni tu.

Hesabu ya muda: wanafunzi 60 kwa dakika tatu ni dakika 180. Kwa simu nne ni dakika 45, na hapo hujahesabu kupokezana. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, tafuta vipindi viwili vilivyofuatana.

Hatua ya 3: Kujisikiliza

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko zote, na ndipo walimu wengi huparuka.

Mwanafunzi asikilize mara mbili. Mara ya kwanza hafanyi chochote, anaizoea tu sauti yake. Karibu kila mtu huichukia. Mweleze sababu: ukiwa unazungumza unajisikia kwa njia mbili, kupitia hewani na kupitia mifupa ya fuvu lako, na mifupa huongeza uzito wa sauti. Rekodi imechukua ile ya hewani peke yake, kwa hiyo inasikika nyembamba na ngeni. Ndiyo hiyo hiyo ambayo wenzake wamekuwa wakiisikia miaka yote na hakuna aliyeshtuka.

Mara ya pili anashika kalamu. Aandike sekunde 30 za mwanzo neno kwa neno, pamoja na kila "eee", kila "yaani", kila "kwa hiyo" isiyo na kazi, na kila sentensi iliyoanza ikaachwa njiani. Asisafishe kitu. Halafu aisome karatasi hiyo. Mwanafunzi ambaye angebishana na mwalimu kwamba hasemi "nanii" mara kwa mara hawezi kubishana na mwandiko wake mwenyewe. Mara nyingi atagundua na jambo jingine ambalo hakuna mwalimu angelisema vizuri zaidi: kwamba hoja yake kuu haimo kabisa katika sekunde hizo 30.

Baada ya hapo aandike mambo mawili: moja linalofaa libaki, na moja analotaka wenzake wamsaidie. Hili la pili ndilo litakalofungua kazi ya kundi. Anayeomba msaada kuhusu jambo fulani hapokei maoni kama matusi.

Hatua ya 4: Wenzake wanasikiliza

Makundi ya watu wanne: mmoja mwenye rekodi, watatu wasikilizaji, na kila msikilizaji ana kazi yake. Wa kwanza anasikiliza hoja, na mwishoni anaandika kwa sentensi moja tu kile alichoelewa. Wa pili anasikiliza sauti na mwendo: wapi alikimbia, wapi alimeza maneno. Wa tatu anasikiliza mifano: je, kulikuwa na mtu, mahali au jambo la kushika, au maelezo matupu?

Kila maoni yawe na saa ya kwenye rekodi, alichosikia, na kilichompata msikilizaji. Chukua mada ya Vita vya Majimaji. "Hukueleweka" si maoni. Maoni ni haya: "Kwenye 1:10 umesema watu walikwenda Ngarambe kuchukua maji. Sikujua Ngarambe ni wapi, nikabaki nawaza hilo, sentensi mbili zilizofuata zikanipita. Ungetaja kwamba iko Rufiji." Au: "Kwenye 2:05 umetaja kunyongwa kwa Kinjekitile kule Mohoro, Agosti 1905, kwa sauti ile ile uliyotajia bei ya pamba. Nilitegemea utue kidogo."

Mwenye rekodi anaandika, hajitetei. Akitaka kuuliza aulize, "Unamaanisha wapi?" na rekodi irudishwe. Ile sentensi moja ya msikilizaji wa kwanza aitazame kwa makini zaidi. Kama alikusudia kusema kwamba watu wa Umatumbi walichoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na mwenzake ameandika "vita vilipiganwa kwa maji", tatizo si sauti.

Wewe mwalimu zunguka na usikilize. "Amejitahidi" ikisikika, uliza: "Dakika ya ngapi?"

Hatua ya 5: Rekodi ya pili

Achague mambo mawili tu ya kurekebisha. Akibeba manane ataacha yote. Arekodi tena ndani ya wiki hiyo hiyo, mada ile ile. Ukibadilisha mada hutajua kama amepiga hatua au amepata mada rahisi. Safari hii anayetaka video na aichukue, kwa ajili ya macho na mikono. Kisha ndipo asimame mbele ya darasa zima.

Maswali ya wasomaji

*Mwalimu, Tabora:* Shule yetu ni ya bweni, simu kwa mwanafunzi ni kosa la kusimamishwa. Nifanyeje?

Usiivunje sheria ya shule kwa ajili ya somo. Omba kibali cha maandishi kwa mkuu wa shule na utumie vifaa vya walimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 na baadaye kukabidhiwa kwa walimu vinarekodi vizuri kabisa. Walimu watatu wakikuazima vyao, pamoja na chako, unazo zile nne.

*Mzazi, Dar es Salaam:* Sauti na picha za mwanangu zitaishia wapi?

Swali la haki. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtoto wako ni taarifa yake. Ombeni barua ya ridhaa inayosema rekodi ni ya nini na itafutwa lini. Walimu: msizirushe kwenye grupu la WhatsApp, maana zikishafika kwenye simu za watu hamtazirudisha. Zimeni pia ule uhifadhi wa mtandaoni unaojiendesha wenyewe.

*Mwanafunzi wa Kidato cha Tano:* Shikamoo mwalimu. Najisomea peke yangu likizo hii, sina kundi.

Marahaba. Mchezeshee rekodi yako mtu mmoja asiyesoma tahasusi yako, hata dada yako au mjomba, kisha mwombe akusimulie alichoelewa. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri.

*Mwalimu wa Kiingereza, Morogoro:* Wanafunzi wangu wanasahihishana sarufi tu, na anayekosea anachekwa. Wengine sasa hawataki kufungua mdomo.

Waruhusu kutoa maoni kwa Kiswahili hata kama uwasilishaji ni wa Kiingereza. Sarufi iwe kazi yako, na chukua makosa yasiyozidi matatu kwa kila mmoja, yale yanayoharibu maana kwanza. Ukiweza, mwache mwanafunzi azungumzie mada moja kwa lugha zote mbili alinganishe. Akipotea kwa zote mbili, hajaielewa mada. Akipotea kwa Kiingereza peke yake, sasa mnajua cha kufanyia kazi.

*Mwalimu wa Gredi ya 8, Kakamega:* Kwetu lazima tujaze ruburiki, lile jedwali la vigezo vya kupimia kazi ya mwanafunzi. Nitoe alama kwenye rekodi gani?

Ya pili. Ukiitia alama ya kwanza wataifanyia maonyesho, na wenzao watawaficha ukweli kwa kuwaonea huruma. Lakini wape ruburiki hiyo mapema, wajue kiwango cha "kufikia matarajio" kinadai nini kabla hawajaanza kusikilizana.

*Mwalimu, Mwanza:* Nina mwanafunzi mwenye kigugumizi. Nimtoe kwenye zoezi?

Usimtoe kabla hujamuuliza, faraghani, anataka kushiriki vipi. Mwondolee kikomo cha dakika tatu. Kundi lake lielezwe mapema kwamba kurudia silabi hakuhesabiwi na hakuna mtu anayemmalizia neno. Yeye ndiye achague watu watatu wa kukaa nao. Asikilizwe hoja na mifano kama wengine wote, na msilegeze hapo.

*Mwalimu, Iringa:* Memori ya simu yangu inajaa haraka.

Hiyo ni video. Dakika moja ya video ya ubora wa juu inaweza kuzidi megabaiti 100, wakati dakika ya sauti huwa kama megabaiti moja au pungufu. Rekodi sauti, hamisha kwenye kompyuta au memori kadi kila Ijumaa, na video zifute mara tu mwanafunzi akishajiona.