He, she, they: mwongozo kwa watu wetu walio ng'ambo

Mtu aliyekulia Kondele, mtaa wa Kisumu, Kijaluo nyumbani na Kiswahili sokoni, hajawahi kulazimika kuchagua jinsia ya mtu anayemsema. "Amefika," basi, imetosha. Kijaluo kina "en", Kiswahili kina "yeye", na ukienda kwa Waluhya wa Kakamega au kwa Wakipsigis wa Kericho mambo ni yale yale. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Ukimtaja mtu wa tatu sharti uamue kama ni "he" au "she", tena upesi, sentensi ikiwa bado mdomoni. Ndiyo maana msomi mwenye digrii, ambaye barua zake hazina doa, anasikika kazini Leeds akisema "my wife, he is at home".

Nyumbani tunacheka kidogo na maongezi yanaendelea. Ng'ambo kosa hilo halichukuliwi kuwa la sarufi. Huchukuliwa kuwa dharau, hasa na mtu aliyekwisha kudhihakiwa kwa sababu ya jinsia yake. Basi kabla ya adabu, tuanze na ulimi.

Kinachotukwaza zaidi ni "his" na "her". Katika "dada yake" hatujui mwenye dada ni nani, na hatuulizi. Kiingereza kinamfuata mwenye dada, si dada: dada wa Kiprono ni "his sister", kaka wa Nafula ni "her brother". Jizoeze kwa kisa chenye mwanamume na mwanamke pamoja. Chukua matatu ya Nakuru kwenda Kisumu, dereva mwanamume, kondakta mwanamke, wanagombania nauli ya abiria aliyepandia Kericho. Simulia kwa Kiingereza, kwa sauti, bila kutaja jina la mtu hata mara moja. Kisa cha mtu mmoja hakikufai kitu, maana ulimi utashika neno moja na kulikariri hadi mwisho.

Wengi wetu huanzia kwenye kazi ya kutunza wazee, na huko neno moja lina uzito. Ukiandika kwenye ripoti ya shifti kwamba "he" amekataa dawa, ilhali aliyekataa ni nyanya wa chumba cha pili, wa zamu ya usiku atamwendea mzee asiyehusika. Anza kila aya kwa jina la mtu. Kisha, kabla ya kutia saini, isome ripoti mara moja zaidi ukitafuta viwakilishi tu.

Upande wa pili wa jambo hili hatuusemi sana: sisi wenyewe hutajwa vibaya. Viwakilishi vyetu havina jinsia, lakini majina yetu yanayo, na Mzungu hana habari. Kwetu Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke, Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, Kibet na Chebet. Mwanzo wa jina umeshamaliza kazi. Meneja wa Toronto anaona majina ya Kiafrika tu, kwa hiyo Nekesa anaandikiwa "Dear Mr". Mkanganyiko unazidi dada anapobeba jina la baba yake, Otieno au Kiprono. Hapo ndipo yale maneno "she/her" au "he/him" chini ya saini ya barua pepe yanapokufaa wewe mwenyewe, hata kama ulidhani ni mambo ya watu wengine. Ukipenda, andika "Ms" au "Mr" mbele ya jina. Nayo inatosha.

Kisha kuna "Sir" na "Madam". Shule zetu zimetulea nayo hata yakawa kama pumzi. Kwenye simu ya kazini ni hatari tupu, kwa sababu sauti nzito si lazima iwe ya mwanamume. Salamu ya "Good morning" na jina la mtu ni heshima kamili, hata kama mama yako angeona umekosa malezi.

Sasa "they". Kuna watu wasiojitambulisha kuwa wanaume wala wanawake, na wengi wao huomba watajwe kwa neno hilo. Kitenzi hubaki cha wingi: "they are", kamwe si "they is", ingawa mtu ni mmoja. Pia ni neno la kukuokoa usipomjua mtu: aliyesahau mwavuli, daktari ambaye hujamwona. Wapo watakaokuambia ni uzushi wa vijana wa leo. Si kweli, Waingereza wamelitumia kwa mtu mmoja tangu karne ya 14, na kamusi ya Merriam-Webster ililifanya neno la mwaka 2019. Hata "you" lilikuwa la wingi. Katika karne ya 17 Wakweka wa Uingereza, madhehebu ya Kikristo, walikataa kuwapa wakubwa "you" ya heshima, wakamwambia kila mtu "thou", neno la zamani la mtu mmoja, hakimu kwa mfagiaji, na wengine walipigwa kwa ajili hiyo. Madhehebu hayo ndiyo yaliyofungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Kwa hiyo mtu wa Vihiga akiambiwa kwamba kugombania viwakilishi ni upuuzi wa juzi, ana la kujibu.

Mwenzako akikuambia atajwe vipi, mtaje hivyo, hata asipokuwepo. Usimuulize peke yake mbele ya watu kwa sababu tu umbo lake limekutatiza. Jitambulishe wewe kwanza, naye akitaka atafuata. Ukiteleza, sema "sorry, she" na uendelee na sentensi yako. Zile pole zetu nyingi, na mkono kifuani, zinamfanya aliyekosewa aanze kukubembeleza wewe. Na ukijua kwamba mtu amebadili jinsia, hiyo si habari ya kupeleka kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya wa mji wenu. Mji ule ni mdogo kuliko unavyodhani.

Najua swali la kanisani: je, nikisema hivyo nimekubali mafundisho yasiyo yangu? Kwa maoni yangu, la. Umemwita mtu alivyoomba kuitwa, kama unavyomwita mtu "Daktari" bila kukagua cheti chake. Ila sheria ni za nchi ya watu, na hazifanani. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inamlinda anayebadili jinsia, na kumtaja vibaya makusudi, tena na tena, kunaweza kuhesabiwa kuwa unyanyasaji. Kanada iliongeza utambulisho wa kijinsia katika sheria yake ya haki za binadamu mwaka 2017. Marekani upepo unageuka: Januari 2025 baadhi ya idara za serikali kuu ziliwaagiza wafanyakazi waondoe viwakilishi kwenye saini zao. Soma taratibu za mwajiri wako, usitegemee za binamu yako wa jimbo lingine.

Halafu kuna mama akija kukutembelea. Amefika kutoka Ahero, Kiingereza chake ni cha kujitafutia, na kwake kila mtu ni "he", kuanzia jirani hadi mkeo. Waambie wageni mapema kwamba lugha yake ina neno moja kwa watu wote. Watoto wako wakianza kumsahihisha mezani, wanyamazishe. Rafiki yao anayeitwa "they" amekuja kula chapati, na mama ameshamwongezea ya tatu.