Somo: kuchora mapambo ya grotesko kwa kalamu ya unyoya

Karibu mwaka 1480, wachoraji walianza kuteremka kwenye vyumba vilivyofukiwa vya kasri la Kaizari Nero mjini Roma, wakanakili michoro ya kuta zake, iliyokuja kuitwa grotesko. Kufikia 1519 karakana ya mchoraji Raphael ilikuwa imepamba roshani ya Vatikani kwa mtindo huo. Ukiyatazama mapambo haya haraka ni vurugu tupu ya majani, mabawa na nyuso. Kumbe kila kitu kinaning'inia kwenye mhimili mmoja wa wima.

1. Kunja karatasi katikati kwa urefu. Kwenye nusu moja chora kwa penseli, kuanzia chini: tako la kinara, chombo, kiumbe, kitambaa kinachoning'inia. Toboa mistari kwa sindano tabaka zote mbili, kila milimita 2. Ikunjue juu ya karatasi safi, upigepige kwa kifuko cha unga wa makaa. Pande mbili zitalingana.

2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: maungio. Kiwiliwili cha mtu kinapogeuka jani, usikate kiunoni. Mstari wa paja uendelee bila kuvunjika hadi uwe uti wa jani la akantha (mmea wa majani mapana yenye kingo zilizochanika), na ncha ya jani ifunike kiungo. Kichwa cha simba kilichobandikwa tu juu ya tawi hakimdanganyi mtu.

3. Wino: vivimbe vya mwaloni (vinundu vinavyoota kwenye mti huo) vilivyopondwa gramu 30, loweka siku chache kwenye maji mililita 300, chuja; tia salfeti ya chuma gramu 20 na gundi ya mgunga gramu 10. Salfeti ikizidi, karatasi huliwa baada ya miaka.

4. Kontua (mistari ya nje ya umbo) kwanza, vivuli baadaye, mistari ikifuata mviringo wa umbo. Nuru itoke kushoto tu: maumbo yanalingana, vivuli havilingani.

Maswali

*Wino wangu ni wa kijivu, nimekosea vipimo?*
Hapana. Huwa mweusi ukipata hewa. Subiri hadi kesho.

*Mwalimu, kalamu inadondosha matone.*
Ufa wa ncha ya kalamu ni mrefu mno, au umechovya kupita kiasi. Ufa wa milimita 5 unatosha. Kung'uta ncha kwenye ukingo wa kichupa.

*Naweza kupaka kivuli kwa brashi?*
Ndiyo, kwa wino wa masizi ya kuni uliozimuliwa, lakini mistari ikauke siku nzima kwanza, la sivyo itachujuka.