Lachesi: jinsi ya kujua kama umechelewa kudai haki yako, na cha kufanya

Ukipata barua ya loya wa upande wa pili ameandika kwamba madai yako "yana lachesi", anachosema ni hiki: ulijua haki yako inaguswa, ukanyamaza bila sababu ya maana, na huko kunyamaza kwako kumefanya mteja wake atumie hela ama ajipange upya, sasa usije mwishoni kuomba korti ikusaidie. Lazima vyote viwepo. Kuchelewa peke yake haitoshi, na hapo ndipo watu wengi wanatishwa bure wanaacha kesi.

Kwanza tofautisha na ukomo wa mda, maana hata maloya wengine wanavichanganya. Ukomo ni sheria ya kuhesabu kwa kalenda, na hapa Uganda iko hivi: ardhi miaka 12, mkataba miaka 6, na ukitaka kuishtaki serikali ni miaka 2 kwa madhara na 3 kwa mkataba. Siku zikiisha zimeisha, ukiacha nafuu chache nitakazotaja huko chini, jaji hata akikuhurumia hana la kufanya. Ukitaka kupinga uamuzi wa ofisi ya serikali kwa njia ya mapitio ya mahakama ndio mbaya zaidi, ni miezi 3, na hapo korti ikiona sababu nzuri inaweza kuongeza.

Lachesi yenyewe haina namba. Inakuja pale unapoomba vitu vya ekwiti, yaani msaada ambao korti inatoa kwa kupima haki na uungwana, kama zuio la kumsimamisha mtu asijenge ama amri ya kumlazimisha aliyekuuzia ploti akuhamishie taitoro (hati ya kumiliki ardhi). Jaji anaangalia mambo mawili, umekaa mda gani na nini kimefanyika katikati. Kipimo hicho kinatoka kesi ya zamani sana ya 1874, Lindsay Petroleum na Hurd, ya ardhi ya Kanada iliyofika mpaka London, na mpaka leo ndiyo inayotajwa. Na mle ndani utetezi wa kuchelewa ulikataliwa, kitu ambacho loya wa upande wa pili hatakuambia.

Chukua mfano. Una kiploti pale Onduparaka, Arua, umenunua kwa makubaliano ya LC1 (uongozi wa kijiji) na shahidi wapo. Jirani anaanza kuchimba msingi ndani ya mpaka wako. Wewe unapita na boda kila jumapili unaona, unasalimia mafundi, "kazi njema wazee", unaenda zako. Ukuta unapanda, mabati yanawekwa, wapangaji wanaingia, miaka minne imepita ndio unakuja kuomba korti ivunje nyumba. Hapo utapata shida, si kwa sababu ya miaka minne, ila kwa sababu ya ile kazi njema wazee. Lakini kama ulikuwa Juba unatafuta maisha na hakuna aliyekuambia, ukarudi ukakuta nyumba na ndani ya wiki mbili ukaandika barua, lachesi haikushiki, maana huwezi kulala juu ya haki ambayo hujui imeguswa.

Sasa ukitaka kuitumia kama wewe ndiye umeshtakiwa, iandike kwenye utetezi wako wa kwanza, usingoje siku ya kusikiliza kesi ndio uitoe mfukoni. Sema mlalamikaji alijua lini na ulijuaje kwamba anajua, halafu onyesha ulichofanya kwa kuamini amekubali: risiti za simenti, mikataba ya wapangaji, karatasi za mkopo wa benki. Kusema tu "amechelewa" jaji atakupita. Na kama wewe mwenyewe ulidanganya ama ulifoji karatasi, sahau, ekwiti inataka mikono misafi. Alafu usiitupe kila mahali: kwa ardhi yenye taitoro Mahakama ya Juu ilishasema kuvamia ni kosa linaloendelea, kwa hiyo mwenye ardhi akija kudai wakati mvamizi bado yuko pale, huo utetezi wa mda unapungua nguvu sana.

Ukiwa mlalamikaji, kazi yako ni kueleza zile siku. Hapa kwetu siku nyingi zinaliwa na mikutano: LC1, wazee wa ukoo, ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani), kila mmoja anakuambia rudi wiki ijayo. Elewa vizuri hapa. Kwenye lachesi mizunguko hiyo inakusaidia, inaonyesha hukunyamaza, kwa hiyo kila barua ipigwe stempu ya kupokelewa na ubaki na kopi, na meseji za wasap uzipige skrinshoti zikiwa na tarehe. Lakini kwenye ukomo wa mda haisaidii kitu, RDC si korti na kalenda inaendelea kutembea wakati nyinyi mnakunywa chai ofisini kwake. Mimi ningeweka kesi kortini kwanza alafu mazungumzo yaendelee, mkielewana unaiondoa.

Na kama ulichelewa kwa sababu ulitapeliwa, mda wa ukomo unaanza pale ulipogundua ama ulipopaswa kugundua. Aliyekuwa mtoto wakati haki ilipoguswa naye ana nafuu yake, sheria inampa miaka 6 baada ya kufika 18. Sharti ni kwamba sababu hiyo iandikwe kwenye hati ya madai yenyewe, ukiisahau madai yanaweza kutupwa kabla hata shahidi wako hajafungua mdomo.

Hela ya loya kama hakuna, jaribu Justice Centres Uganda ama FIDA Uganda (chama cha maloya wanawake). Nenda na makaratasi yote, na juu yake karatasi moja umeandika tarehe kwa mstari: nilijua lini, nikafanya nini, nikaenda kwa nani. Hiyo ndiyo ya kwanza watakuuliza.