Pikapu Inayogonga Bila Kuwaka: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Msimu wa Karafuu

Msimu wa karafuu unapokaribia, wenye pikapu wa Pemba hukagua matairi, breki na springi za nyuma, kwa kuwa njia za mashambani zina vilima na utelezi. Mfumo wa kuwashia injini husahauliwa mpaka asubuhi moja ufunguo unazungushwa, taa za dashibodi zinawaka, kitu kinagonga chini ya boneti, na injini haizunguki. Lawama huiangukia stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake, na mwenye gari huanza kutafuta nyingine Chake Chake, au huagiza Unguja na kusubiri meli, ilhali kosa huenda likawa ni nati iliyolegea kwenye betri. Uchunguzi huu ufanyike nyumbani, gari ikiwa bado inawaka.

Mlio wenyewe ndio dalili ya kwanza. Ukiwa wa haraka haraka na mfululizo, selenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku inayopitisha umeme mwingi kwenda kwenye mota, inashika na kuachia kwa sababu umeme unaanguka kila inapojaribu kushika. Betri imeishiwa chaji, au kuna mahali umeme unapita kwa shida. Likisikika pigo moja zito kisha kimya, selenoidi imeshika lakini mota ya stata haikuzunguka: pengine brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha, au shaba za ndani ya selenoidi zimeungua, au waya mnene hauleti umeme wa kutosha. Washa taa kubwa za mbele, kisha mwambie mwenzako azitazame wakati unazungusha ufunguo. Zikififia sana au kuzimika, anza na betri na maungio yake. Zikibaki kung'ara vile vile, shaka ihamie kwenye stata na waya zake.

Visiwani kwetu, maungio ndiyo yanayohitaji jicho kali zaidi, kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vyote viwili huharakisha kutu. Vifungo vya betri vinaweza kuonekana safi kwa juu, lakini ukivifungua unakuta ndani ya pete unga mweupe au wa kijani, na risasi ya nguzo imekuwa nyeusi. Tabaka hilo jembamba linatosha kupitisha umeme wa taa na redio, lakini haliwezi kupitisha umeme mwingi unaohitajiwa na stata. Fungua kifungo cha hasi kwanza na ukirudishe cha mwisho, ili spana isije ikagusa bodi na kupiga shoti. Mimina maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kupikia, bila kuyaruhusu kuingia ndani ya betri, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'are, kausha, kaza, kisha paka grisi kwa nje. Usiishie hapo: fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwani kutu ya huko haionekani, na watu wengi hubadilisha betri nzima bila kuigusa.

Mita ya umeme ya bei nafuu itakuepusha na kukisia. Betri ya volti 12 iliyojaa na iliyopumzika husoma takriban 12.6, ikisoma 12.0, imeishiwa sana. Wakati wa kupiga stata, isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, kipimo kinapaswa kupanda hadi baina ya 13.8 na 14.5 kwa gari nyingi. Kisipopanda, alteneta, yaani mtambo unaochaji betri injini ikizunguka, haichaji, au mkanda wake umelegea, na hata betri mpya itakufa njiani.

Weka ndani ya gari waya nene za kuazimia umeme, spana ya kufungulia vifungo, na tochi. Unapoazima, hakikisha kwanza kwamba gari zote mbili ni za volti 12, kwa kuwa malori mengi yana 24. Chanya iunganishwe na chanya, kisha waya wa hasi utoke kwenye betri nzima na kumalizikia kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyokwama, mbali na betri yake, kwani betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Kwa sababu hiyo hiyo sigara ikae mbali. Gari ya gia za mkono inaweza kusukumwa, swichi ikiwa imewashwa na gia ya pili imeingizwa, lakini si kwenye mteremko wenye tope na watu wakiwa mbele yake. Gari ya otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa.

Kugongagonga stata kidogo kwa kipande cha mti huweza kuiamsha ikiwa brashi zimeng'ang'ania, nayo ni ishara kwamba ifunguliwe na fundi kabla ya safari nyingine. Lakini pigo moja zito likisikika baada ya gari kupita kwenye maji mengi ya mvua, usiisukume wala kuazima umeme: huenda maji yameingia kwenye silinda, na kulazimisha injini kunaweza kupinda koneti, yaani mkono wa chuma unaoshika pistoni. Iache ilipo, na fundi atoe plagi, au nozeli za kupulizia mafuta ikiwa ni ya dizeli, kabla injini haijazungushwa tena.